Koo la Bwana Kifungu

Katika ofisi ya sheria ya baraza la mji palikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote, ijapokuwa kila kitu kingine katika ofisi ile kiliandikwa, kikapigwa muhuri na kufungwa kwa utepe. Waraka wowote haukutoka pale kabla ya kusomwa kwa sauti. Aliyeuandika alikaa kitini, akafumba macho na kusikiliza. Mwenzake akasimama mbele ya rafu ya vitabu, akausoma neno kwa neno. Kila alipofika mahali palipotajwa kifungu cha sheria, msomaji hakuruhusiwa kuendelea. Sharti afungue kitabu, akitafute kifungu chenyewe, akisome chote, ndipo arudi kwenye waraka. Barua ya kurasa mbili iliweza kumaliza asubuhi nzima.

Aliyeianzisha desturi hiyo ni mwanasheria wa mji wa zamani, ambaye watu wa baraza walimwita Mzee Nukta, kwa kuwa hakupata kamwe kuweka saini chini ya sentensi isiyo na nukta. "Jicho lina huruma," alikuwa akisema. "Linaona kosa la rafiki likapita kando. Sikio halina rafiki." Na kwa miaka kumi na tisa msomaji wake alikuwa msaidizi wake, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito ya besi, ambaye kwa kuvifungua vitabu vile kila siku alifikia kuvijua kama mtu avijuavyo vyumba vya nyumba yake. Huyo ndiye waliyembandika jina la Bwana Kifungu. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, walisema, atakujibu kifungu gani kinairuhusu.

Bwana Kifungu aliipenda kazi ile. Alijua kuwa ni kazi isiyo na shukrani, kwa maana mwanasheria wa mji hutetea wasiopendwa. Mwananchi akianguka katika mtaro uliokosa kifuniko, yeye ndiye husimama mahakamani upande wa mtaro. Huandika sheria ndogo za masoko na za majitaka, huipitia mikataba kabla haijatiwa saini, huwashitaki wanaotupa takataka barabarani, na baraza likikutana hukaa mkono wa kushoto wa meya, kimya, mpaka aulizwe. "Mteja wetu ni mmoja tu," Mzee Nukta alimfundisha, "naye ni baraza zima. Si meya, si diwani, wala si yule mama anayelia pale mapokezi, ingawa yeye ndiye anayekuumiza moyo. Meya akitaka wakili wake, mji huu una mawakili."

Kwa hiyo Mzee Nukta alipotangaza kustaafu, watu wote katika jengo lile waliona kiti kimepata mwenyewe. Katibu muhtasi alianza kumwita Mwanasheria miezi miwili kabla ya wakati. Naye Bwana Kifungu, ambaye si mtu wa majivuno, alijaribu saini mpya nyuma ya bahasha zilizokwisha kutumika, na chini yake akaandika kwa herufi ndogo: Mwanasheria wa Mji. Aliziona zinapendeza. Alizichana zote, isipokuwa moja.

Wakamteua mwanamke mmoja wa miaka thelathini na minane.

Laiti angekuwa mgeni! Mgeni huzoeleka. Lakini huyu alikuwa amefika katika ofisi ile ile miaka kumi na miwili nyuma, mwanafunzi wa mazoezi, na viatu vyake vimeliwa visigino, na aliyempokea ni Bwana Kifungu. Ndiye aliyemwonyesha namna ya kufunga jalada ili lisifunguke njiani kwenda mahakamani. Ndiye aliyemfundisha kuhesabu siku za notisi, kwamba siku ya kubandika haihesabiki. Alimwita binti, akamgawia nusu ya chai yake. Kisha binti akaenda kusoma zaidi, akafanya kazi kwingine, akarudi na miwani na shahada ya pili, akaketi katika kiti ambacho Bwana Kifungu alikuwa amekipangusa vumbi kwa macho yake miaka kumi na tisa.

"Aliyempa yeye kiti ndiye aliyekupa wewe kumbi," mke wake alimwambia siku ile habari zilipofika. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi asiyeogopa jeraha la namna yoyote. "Basi kalia kumbi lako, bwana, tule."

Hakula. Kijicho kilikuwa kimekwisha kumwingia, nacho ni ugonjwa usiokuwa na wodi.

Kilianza kwa mambo makubwa, kikashuka hadi madogo, na hayo madogo ndiyo yaliyomtesa. Aliona kwamba hakimu mkuu, ambaye kwake alikuwa akitikisa kichwa tu, kwa yule mwanamke aliinuka. Alisikia katibu muhtasi akicheka chumba cha pili, akatega sikio, akatambua kwamba kichekesho chenyewe ni kile alichomsimulia binti mwaka ule wa mazoezi. Kumbe kikitoka kinywani mwa mkubwa kinachekesha zaidi. Aliuonea wivu mwavuli wake. Aliionea wivu saini yake, mikwaruzo miwili tu, ya mtu asiyekuwa na haja ya kumshawishi yeyote. Siku moja mzee mmoja alifika dirishani na karatasi zake za kiwanja.

"Mwanasheria yupo?"

"Mimi ni mwanasheria," alisema Bwana Kifungu.

Mzee akamtazama kwa upole. "Hapana, mwanangu. Namtaka yule mwenyewe."

Mwezi haukupita tangu ateuliwe, yule mwenyewe akaja mezani kwake na waraka wake wa kwanza. Akamwomba amsomee, kama ilivyo desturi. Bwana Kifungu akaweka mkono shingoni.

"Koo," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Limenishika tangu juzi."

"Pole sana, mzee wangu. Tusubiri kesho?"

"Halina kesho hili. Ni la kudumu, daktari anasema."

Daktari hakusema neno, maana hakuulizwa. Lakini koo lile liliugua mwezi wa kwanza, likaugua wa pili, na hadi mwezi wa tano lilikuwa bado halijapata nafuu. Mwanasheria akawa anasomewa na katibu muhtasi, ambaye alisoma nyaraka kama asomaye orodha ya mahudhurio, upesi na bila kufungua kitabu, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kuvifungua. Aliyepaswa kumfundisha alikuwa anaumwa koo.

Mwezi wa tano ndipo lilipokuja jambo la karakana.

Baraza lilikuwa na karakana ya zamani ya mabasi karibu na stesheni, jengo kubwa la mabati lililokaa tupu kwa muda mrefu, na likaamua kuikodisha. Waombaji walikuwa wanne. Mmoja wao, aliyepewa nafasi ya kwanza na kamati, alikuwa shemeji yake meya, ndugu wa mkewe, baba mmoja mama mmoja. Mji mzima ulijua, na kama ilivyo kawaida ya mambo yanayojulikana na mji mzima, hakuna aliyeyasema. Uamuzi ungepigiwa kura siku ya Alhamisi katika mkutano wa baraza zima, na katika mkutano huo huo, ajenda ya mwisho, madiwani walikuwa waamue kama mwanasheria wao athibitishwe kazini au muda wake wa majaribio ukome, kila mtu ashike njia yake.

Mtu mwenye busara za kawaida angenyamaza hadi Ijumaa. Yule mwanamke aliandika maoni ya kisheria, kurasa nne, kwamba meya ana maslahi katika jambo hilo; kwamba hana budi kuyatangaza, kukiacha kiti, na kutoka nje ya ukumbi mpaka kura imalizike. Jumatatu asubuhi alikuja nayo mezani kwa Bwana Kifungu mwenyewe.

"Hii si ya katibu muhtasi," alisema. "Naomba unisomee leo. Hata kwa kunong'ona."

Bwana Kifungu aliutazama waraka, akauona unene wake, akajua umebeba nini. Hata kunong'ona, alijibu, daktari amekataza. Mwanasheria akarekebisha miwani, akaenda zake. Mchana ule maoni yalitoka yakiwa na muhuri, yakagawiwa kwa meya na kwa madiwani wote ishirini na sita.

Jumanne meya alimwita Bwana Kifungu ofisini kwake, akafunga mlango, akamkalisha kwenye kochi.

"Ndugu yangu," alisema meya, mtu mnene, mwenye kicheko cha karibu na mikono isiyotulia. "Hapa tunazungumza wanaume wawili waliozeeka ndani ya jengo hili. Nani mwanasheria wa mji huu?"

"Anajulikana, Mheshimiwa."

"Mimi sikuuliza nani kateuliwa. Kamati ile ya uteuzi walipofusha macho yao, na mimi niliwaambia. Miaka kumi na tisa! Mtu amefundisha mtoto kutambaa, mtoto anamkanyaga kichwani." Akasukuma kurasa nne juu ya meza. "Umeisoma hii?"

"Sijaisoma."

"Isome. Na ukiisoma, niandikie maoni ya pili. Sikwambii useme uongo, wewe si mtu wa uongo. Kama ina kosa, liseme. Alhamisi nitakusimamisha mbele ya madiwani, ulisome kwa sauti hiyo yako kama kengele. Wakiona mtaalamu wao ameteleza jambo la kwanza kubwa, nani atanyoosha mkono amthibitishe? Na kiti kikibaki wazi..." Meya akaifungua mikono yake yote miwili, kama aonyeshaye chumba kisicho na mtu.

Bwana Kifungu alijua jibu. Mteja wetu ni mmoja. Ofisi haiandiki maoni mawili. Meya akitaka wakili wake, mji huu una mawakili. Aliyajua maneno hayo kama sala ya asubuhi, na hayakumtoka hata moja. Alizichukua kurasa, akazikunja katikati, akaaga.

Alirudi nyumbani mapema. Mke wake alikuwa sebuleni akipiga nguo pasi, dirisha liko wazi, na jua la alasiri limelala juu ya meza. Akaketi, akatoa kalamu nyekundu, akaanza kusoma kama asivyosoma mtu ila adui.

Hakuna anayesoma kwa uangalifu kama mwenye wivu. Anayekupenda huruka mistari. Bwana Kifungu hakuruka hata mkato mmoja. Alisoma ukurasa wa kwanza akitafuta tope, akakuta maji safi. Alisoma wa pili. Pale ambapo yeye angeweka maneno kumi na mawili, huyu aliweka matano, na yale matano yalikuwa yanatosha. Pale ambapo angezunguka ili asimuudhi meya, huyu alipita katikati kwa adabu, kama mtu apitaye mbele ya wazee akiwa ameinama kidogo. Kila sentensi nzuri ilimchoma. Alitamani iwe mbaya, kisha akatamani iwe yake.

Kwenye ukurasa wa tatu kalamu ikasimama.

"Mume wangu," alisema mke wake, "mbona unacheka peke yako?"

"Arobaini na moja," alisema Bwana Kifungu. "Ameandika kifungu cha arobaini na moja cha kanuni za kudumu."

"Na kina nini?"

"Kilikuwa cha maslahi zamani, alipokuwa mwanafunzi. Kanuni zilipangwa upya, kikawa cha arobaini na tatu. Arobaini na moja sasa ni cha kelele za watazamaji ukumbini."

Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Na hili pakacha lilikuwa limevujia mbele ya madiwani ishirini na sita. Akavuta karatasi, akaandika. Aliandika kwa saa mbili, kurasa tatu, wala hakusema uongo, kama meya alivyomtabiria. Alieleza kwamba kifungu kilichotajwa hakimkatazi meya kukaa kitini. Alieleza kifungu hicho kinahusu nini. Alieleza madhara ya baraza kuongozwa na maoni yaliyojengwa juu ya msingi usiokuwapo. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa yamepangwa kama ngazi inayoshuka kwenye shimo.

Alipomaliza, kwa mazoea ya miaka mingi, hakuweza kutia saini waraka ambao haujasikiwa. Akasimama katikati ya sebule, akamsomea mkewe. Koo lake lilikuwa zima kabisa; vikombe vilitetemeka kabatini.

Mke aliweka pasi wima, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sijaelewa," alisema. "Huyo meya, wakati wanampigia kura shemeji yake, akae au atoke?"

"Hilo sikulisema."

"Nimeona hukulisema. Nakuuliza wewe. Akae au atoke?"

"Atoke. Ila si kwa kifungu hicho."

"Kwa kingine?"

"Kwa cha arobaini na tatu."

Mke akachukua shati jingine, akalitandaza, akalinyoosha kola kwa kiganja. "Wodini kwetu," alisema, "ilikuwa mara moja moja analetwa mtu ana kidonda mguuni, na cheti kinasema kidonda kiko mkononi. Sisi tulikuwa tunatibu mguu. Halafu tunamwita aliyeandika cheti, tunamwambia rekebisha. Hatukuwahi kumfunga mtu mkono mzima ili tumkomeshe karani." Akapitisha pasi. "Na hicho cheti, nani alikuwa wa kukisoma kabla hakijatoka?"

Bwana Kifungu akazikunja kurasa zake tatu. Alikuwa na jibu, nalo lilimkaa kooni, na safari hii koo lilimuuma kweli. Kama Jumatatu angesimama mbele ya rafu kwa nusu saa, angefika kwenye arobaini na moja, angefungua kitabu, angesoma habari za watazamaji wanaopiga miluzi, na wote wawili wangecheka.

Asidhaniwe kwamba wivu ulimwisha hapo. Alilala nao na kuamka nao. Jumatano asubuhi alipanda ngazi za baraza akiwa na nyaraka mbili ndani ya mkoba, na mpaka alipofika juu alikuwa bado hajui atageuka kushoto kwa meya au kulia kwa mwanasheria. Meya alikuwa amesimama mlangoni kwake, akamwita kwa kidole, bila kusema, kama aitwavyo mhudumu wa hoteli. Labda ni kidole kile. Bwana Kifungu akageuka kulia.

"Ukurasa wa tatu," alimwambia mwanasheria, kabla hata ya salamu. "Arobaini na moja ni kelele. Unayoitaka ni arobaini na tatu."

Yule mwanamke alisimama, akaenda kwenye rafu, akafungua, akasoma. Akakifunga kitabu taratibu.

"Umeliona lini?"

"Jana."

"Nakala yako umepewa na nani?"

"Na meya. Ameniomba maoni ya pili." Akazitoa zile kurasa tatu, akaziweka mezani. "Nimeyaandika. Hayo hapo."

Alizisoma zote bila haraka. Bwana Kifungu alikuwa amesimama kama mshitakiwa, akitazama mwavuli uliokuwa kwenye kona.

"Umeandika vizuri sana," alisema hatimaye.

"Najua."

"Na koo?"

"Linaendelea vizuri."

"Limekuwa likiendelea vizuri kila Jumapili, mzee wangu. Mimi kanisani hukaa kiti cha tatu kutoka kwaya yenu. Besi inanipitia utosini."

Bwana Kifungu alitazama chini. Miezi mitano alikuwa akimhurumia huyu kwa kudanganyika. Ili afunike aibu, akaleta shauri. Jambo ni dogo, alisema. Aandike ukurasa wa tatu upya leo hii, yeye mwenyewe atazunguka kwa madiwani akisema nakala zilichapwa vibaya, abadilishe ukurasa kwa ukurasa. Nusu siku, imekwisha. Hakuna atakayejua.

"Yametoka na muhuri," alisema mwanasheria.

"Ndiyo, lakini..."

"Yametoka na muhuri. Baraza limeyapokea. Nikiubadilisha ukurasa kisirisiri nitakuwa nimemwibia mteja wangu karatasi mezani kwake." Akakaa, akavuta kalamu. "Nitaandika barua ya masahihisho kwa wote ishirini na sita, na kwa meya. Kwamba nilikosea, nilikosea wapi, na kilicho sahihi ni kipi."

"Kesho ndiyo wanakupigia kura."

"Najua kesho ni lini."

Hapo ndipo wivu ulipomgeuzia Bwana Kifungu ncha yake mpya. Siku zote alikuwa akijiambia kwamba walimchagua huyu kwa shahada, kwa miwani, kwa ujana. Sasa aliona walichokiona wao. Yeye, mwanafunzi wa Mzee Nukta, angeubadilisha ukurasa. Asingefikiri mara mbili.

Alhamisi ukumbi ulijaa hadi kwenye madirisha. Ilipofika ajenda ya karakana, barua ya masahihisho ikasomwa, na minong'ono ikaanza. Meya aliingoja itulie, huku akitabasamu.

"Waheshimiwa," alisema, "mnaona wenyewe. Mtu anataka kunitoa kwenye kiti changu kwa kifungu cha watu wanaopiga miluzi. Bahati nzuri tunaye mtaalamu aliyeijua ofisi hii kabla ya wengine kujua kushika kalamu. Bwana Kifungu, simama. Waambie madiwani. Kifungu cha arobaini na moja kinanikataza mimi kukaa hapa?"

Bwana Kifungu akasimama. Mkono wa kushoto wa meya alikaa yule mwanamke, mikono imetulia juu ya jalada, hamtazami. Neno moja lilitosha. Tena lilikuwa la kweli.

"Hakikukatazi, Mheshimiwa."

Ukumbi ukavuma. Meya akaegemea kiti.

"Kinachokukataza ni cha arobaini na tatu," aliendelea Bwana Kifungu, kwa sauti yake yote, akakisoma chote kutoka kichwani, na kila kijifungu. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele kama wimbi.

"Wewe ulikuwa uniandalie maoni ya pili," alisema meya, na tabasamu limekauka.

"Ofisi yetu haina maoni mawili, Mheshimiwa. Na kosa la namba lisiwekwe juu ya mwanasheria peke yake. Kazi ya kusoma maoni yale kwa sauti na kufungua kitabu kabla hayajatoka ilikuwa yangu. Niliikataa. Nilisema naumwa koo, wala sikuwa naumwa."

"Kwa nini?" aliuliza diwani mmoja, mwanamke wa upande wa sokoni, kwa udadisi wa kweli.

"Kwa wivu, Mheshimiwa," alisema Bwana Kifungu, akaketi.

Hakuna aliyecheka. Meya alitazama kulia na kushoto, akaona nyuso zinamsubiri, akakusanya karatasi zake, akatoka. Naibu meya akashika kiti, kura zikapigwa, na karakana ikaenda kwa mwombaji wa pili. Jioni ilipokuwa inakaribia walifika ajenda ya mwisho. Mwanasheria naye alitoka nje, kwa maana lilikuwa jambo lake. Madiwani tisa walikataa, wakasema mtu wa makosa hafai. Kumi na saba walinyoosha mikono kumthibitisha.

Korido ikajaa watu wa kumpongeza. Hakimu mkuu alituma salamu. Bwana Kifungu alisimama ukutani na kofia yake mkononi, akahesabu, ingawa hakutaka kuhesabu: waliompa mwanasheria mkono walikuwa watu thelathini na mmoja. Yeye alipewa na katibu muhtasi tu, ambaye alimwambia, "Haya sasa, baba, dawa ya koo umeipata." Miaka sita ilibaki astaafu. Yule mwanamke alikuwa na ishirini na miwili.

Ijumaa asubuhi mwanasheria alimwita.

"Keti, mzee wangu," alisema. Mbele yake palikuwa na karatasi moja. "Jana ulisema mbele ya baraza zima kwamba kwa miezi mitano uliacha kazi yako kwa makusudi. Uliniokoa. Lakini ulilisema, na mimi ni mkuu wako wa kazi, na nililisikia. Nikilinyamazia kwa sababu ni wewe, uliyenigawia chai, nitakuwa na tofauti gani na meya na shemeji yake?"

Akaisogeza ile karatasi. Ilikuwa barua ya onyo, ya kwanza na ya maandishi, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na saba cha kanuni za utumishi, nakala kwenye jalada binafsi la mtumishi.

Bwana Kifungu aliisoma mara moja kama mtu aliyeumizwa. Kisha akaisoma mara ya pili kwa namna nyingine, polepole, kidole kikifuata mstari. Alikagua tarehe. Alikagua kumbukumbu namba. Kifungu cha kumi na saba alikijua, kilikuwa chenyewe. Haikuwa na ukali uliozidi wala huruma iliyopungua. Ilitaja kosa bila kumtukana mkosaji, na kwenye aya ya pili ilitaja, kwa sentensi moja tu, kwamba mtumishi alikiri mwenyewe, hadharani, pasipo kulazimishwa.

"Una siku saba za kujitetea kwa maandishi," alisema mwanasheria.

"Sina utetezi."

"Basi tia saini hapo chini, kwamba umeipokea."

Alitia saini. Akachukua nakala yake, akaikunja mara mbili, akarudi mezani kwake, na hapo akaikunjua tena. Onyo lenyewe halikumuuma sana. Lilikuwa haki yake. Kilichomkera asubuhi nzima, hata akashindwa kunywa chai, ni ile sentensi moja ya aya ya pili. Alijaribu kuiandika upya pembeni mwa gazeti, kwa njia tatu, ili iwe bora zaidi. Haikukubali.